Dinamo ya Motokaa ya Parokia

Ndugu msomaji, huenda parokiani kwako, au shuleni, au nyuma ya duka la jirani yako, iko motokaa kuukuu ambayo bado inafanya kazi. Kama iko, basi siku moja mtaulizana swali ambalo sisi tumeulizana kwa muda wa miezi minne: je, umeme wake tuuache kama ulivyotoka kiwandani, au tuubadili? Naandika haya kwa sababu swali hilo ni gumu kuliko linavyoonekana, na watu wengi hulijibu kwa haraka, wengine kwa kupenda kila kitu kipya, na wengine kwa kukichukia.

Yetu ni Land Rover ndefu ya mizigo, ile ya inchi 109 kutoka ekseli mpaka ekseli, iliyotengenezwa mwaka 1964. Mapadre wamisionari waliileta, wakaitumia, wakazeeka, wakaenda zao, yenyewe ikabaki. Injini yake ya petroli ya lita mbili na robo hailalamiki sana. Bodi yake ni ya aluminiamu, wala haioti kutu, kwa maana Land Rover za kwanza zilipotoka mwaka 1948 chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, na aluminiamu ilipatikana kwa urahisi zaidi. Likumbuke jambo hilo la aluminiamu, nitalirudia.

Kazi yake ni kazi ya punda. Huchukua saruji, mahindi, mabati, na katekista na baiskeli yake. Huchukua maiti, na huchukua wagonjwa. Vigango vyetu vimetawanyika katika milima ya Mbinga, na wanaozijua njia za huko wakati wa masika hawatauliza kwa nini hatukununua kigari kidogo cha mjini. Wapo vijana wenye pikipiki, Mungu awabariki, lakini mama mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kupakiwa juu ya pikipiki penye utelezi usiku.

Sasa tuelewane kwanza juu ya dinamo. Nilisomea ualimu, na mazoea ya ubao hayaniishi, basi nivumilie. Betri haizai umeme. Huuweka tu, kama mtungi unavyoweka maji. Anayekwenda mtoni kuteka ni dinamo. Huzungushwa na mkanda wa feni, ule ule unaozungusha pampu ya maji. Ndani yake mna nyaya za shaba zilizosukwa juu ya mhimili, nazo huzunguka katikati ya sumaku. Mwingereza Michael Faraday ndiye aliyeonyesha mwaka 1831 kwamba waya ukipitapita penye sumaku, umeme huzaliwa ndani ya waya. Umeme huo hupokewa na vipande viwili vya kaboni, ambavyo mafundi huviita brashi, vikisugua juu ya kipande cha shaba chenye mistari. Kwa kuwa vyasugua, vyalika. Tena kwa kuwa nyaya zile nzito ndizo zinazozunguka, huwezi kuizungusha dinamo kasi mno, maana nyaya zitang'oka. Kwa hiyo puli yake hupimwa iende kwa kiasi, na injini ikipunguza mwendo dinamo nayo hulala. Motokaa ikisimama inanguruma polepole huku taa zinawaka, taa hizo hula akiba ya betri, wala hakuna anayekwenda mtoni.

Oltaneta ni mdogo wake, lakini mpango umegeuzwa. Sumaku ndiyo inayozunguka, na nyaya nzito zimetulia pembeni. Yaweza kuzungushwa kasi zaidi, na hata injini ikienda polepole hutoa umeme. Umeme wake, hata hivyo, huenda mbele na kurudi nyuma, na betri haipokei umeme wa namna hiyo. Basi hupitishwa kwenye vidude vidogo viitwavyo dayodi, ambavyo ni kama vali ya mpira wa baiskeli: upande mmoja hupita, upande wa pili hapana. Vidude hivyo vilipopata kuwa rahisi, viwanda vilianza kuiacha dinamo. Chrysler ya Marekani iliweka oltaneta katika motokaa zake za Valiant tangu mwaka 1960, na Land Rover zilipata oltaneta kama jambo la kawaida mwaka 1971, ilipotoka Series III. Yetu ilizaliwa mapema mno.

Baada ya kuyajua hayo nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Taa mbili za mbele zikiinamishwa hula wati 90. Taa ndogo za mbele na za nyuma na ile ya namba, wati kama 30. Waipa, 30 hivi. Cheche za injini, 40. Jumla ni wati 190, na ukigawa kwa volti 12 wapata karibu ampea 16. Dinamo yetu, ikiwa nzima na ikizunguka vizuri, hutoa ampea 22. Kumbe kwa karatasi yatosha! Waliotengeneza motokaa hii hawakuwa wajinga. Walitoa umeme wa kutosha kwa vitu walivyoviweka wenyewe.

Lakini vitu walivyoviweka wao sivyo tulivyo navyo sisi. Mathalani, kila mwaka Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo twafanya maandamano ya Ekaristi, na motokaa hutangulia na kipaza sauti, ikitembea mwendo wa mtoto mdogo kwa muda wa saa mbili. Hapo dinamo imelala fofofo. Mwaka jana kwaya ilikuwa katikati ya wimbo kipaza sauti kilipoanza kukoroma, kisha kikanyamaza, na motokaa nayo ikagoma kuwaka tena. Vijana waliisukuma mpaka kanisani wakiimba bila chombo, na wengine walisema kwamba waliimba vizuri zaidi.

Hilo lilituchekesha. Lililotokea mwezi wa tatu halikumchekesha mtu.

Mimi sikuwamo safarini. Kazi yangu kama karani ni kuandika kitabu cha safari za gari, na siku ile kitabu chasema: kuondoka saa 4.10 usiku, kufika hospitali saa 8.45. Ni njia ya saa mbili mchana, na usiku wa mvua yapata saa tatu. Mama alitoka kigango cha mbali, uchungu umemshika tangu asubuhi. Walipofika kwenye mteremko mrefu, dereva akipunguza mwendo kwa sababu ya utelezi, taa zilianza kuwa njano, kisha nyekundu kama kaa la jikoni. Waipa ilisimama. Katekista alishuka akatangulia kwa miguu na tochi ya simu, akionyesha ukingo wa barabara, na motokaa ikamfuata hatua kwa hatua mpaka bondeni. Mama aliokoka. Mtoto hakuokoka, muuguzi alimbatiza, akaishi kidogo. Kesho yake niliandika jina lake katika kitabu cha ubatizo na katika kitabu cha marehemu.

Mganga hakusema kwamba ni taa zilizomwua mtoto, wala mimi sisemi hivyo. Mama alikwisha kaa na uchungu muda mrefu kabla motokaa haijaitwa. Lakini ile saa moja na nusu iliyopotea njiani ilitokana na giza, na hilo halina ubishi. Jumapili iliyofuata hapakuwa na mtu katika halmashauri aliyesema kwamba suala la umeme lingoje mwaka ujao.

Basi maneno yakaanza. Vijana walitaka oltaneta kubwa kabisa, ya ampea 70, ya motokaa ya Kijapani, ili pia waweze kuchaji simu na kuweka taa za ziada juu ya kabini. Mzee wetu dereva, ambaye ameiendesha motokaa hii tangu nywele zake zikiwa nyeusi, hakutaka kusikia neno oltaneta. Na palikuwa na bwana mmoja kutoka mjini, mpenda magari ya kale, aliyepata kufika kwetu mara mbili na kuipiga picha kila upande. Yeye alituletea salamu kwamba tusithubutu kugusa kitu, kwani kila kilicho cha asili huongeza thamani, na kwamba yu tayari kuinunua. Baba Paroko alimwuliza bei. Bei ilikuwa nzuri, lakini isingetuletea motokaa nyingine yenye kupanda milima yetu, ila labda nusu yake. Salamu zikaishia hapo.

Fundi wa umeme tuliyemwita hakuanza na dinamo, na kwa hilo namsifu. Alikuja na mita yake, akapima betri: volti 12.6. Akawasha taa za mbele bila kuwasha injini, akapima pale pale kwenye balbu: volti 10.1. Akacheka. Volti mbili na nusu zilikuwa zikipotea njiani kati ya betri na taa, kabla hatujaisingizia dinamo lolote. Wewe utasema volti mbili ni kitu gani? Lakini taa ya waya haipungui sawasawa na volti. Volti zikipungua sehemu moja kati ya kumi, mwanga hupungua karibu sehemu tatu kati ya kumi. Zikipungua mbili, mwanga unaobaki haufiki nusu. Kwa hiyo hata dinamo ikiwa nzima tulikuwa twasafiri kwa nusu ya mwanga tuliopaswa kuwa nao, labda kwa miaka mingi, tukidhani kwamba ndivyo zilivyo taa za zamani.

Hapa ndipo nairudia aluminiamu. Katika motokaa umeme huenda kwenye taa kwa waya, lakini hurudi kwenye betri kwa kupitia mwili wa motokaa yenyewe. Mafundi huita athi. Sasa mwili wa Land Rover ni aluminiamu na chasisi yake ni chuma. Madini mawili yakigusana penye unyevu hulana, na katikati yake hufanyika unga mweupe. Unga huo hauupitishi umeme vizuri. Fundi alifungua boliti moja nyuma ya taa akanionyesha. Ungedhani ni chokaa. Alisugua kila mahali kwa msasa, akapitisha waya wa athi peke yake toka kila taa mpaka chasisi, akafunga utepe mpya wa shaba kati ya injini na chasisi, na mwisho akaweka rilei mbili ili umeme wa taa usipite tena wote kwenye swichi ile ya zamani iliyochoka. Akapima tena. Volti 11.8 kwenye balbu. Gharama yote ilikuwa shilingi 45,000.

Ndugu msomaji, kama huna fedha ya kufanya lolote jingine, fanya hilo kwanza. Nimeona watu wakinunua betri mpya kila mwaka, na ugonjwa u katika boliti moja ya shilingi mia mbili.

Usiku ule ule tulikwenda kuzijaribu. Mwanga ulikuwa mwingine kabisa. Mzee dereva alisema haujaonekana namna hiyo tangu enzi za mapadre wazungu. Wengine katika halmashauri wakasema: basi, kazi imekwisha, fedha iliyobaki iende kwenye mabati ya jiko la kigango, maana fedha yenyewe ilikuwa ya WAWATA na waliichanga kwa ajili ya jiko hilo. Ilikuwa hoja ya haki. Lakini siku mbili baadaye mvua ilinyesha, nikamwomba Mzee tushuke ule mteremko mrefu usiku, taa zote na waipa, mwendo wa polepole kama siku ile. Nilitazama amita. Kishale kililala upande wa kutoa, hakikuinuka mpaka tulipofika bondeni na kukanyaga mafuta. Dakika 20 betri ilikuwa ikitoa tu. Betri nzima ingevumilia, lakini betri iliyozeeka kidogo, au iliyokwisha kuhudumia safari tatu fupi mchana, isingevumilia.

Tukaifungua dinamo. Brashi zilibaki robo, na kile kipande cha shaba kilichimbika kama barabara ya magurudumu. Yaweza kutengenezwa, hasha sisemi haiwezi. Yapaswa kupelekwa penye mashine ya kukereza, shaba ikerezwe, na ile mika iliyo katikati ya vipande vya shaba ichongwe ishuke chini, kisha brashi nyingine zitafutwe na kuchongwa zifae. Kisanduku cha kataut nacho kilihitaji kusafishwa na kurekebishwa, kazi ya kupima kwa nafasi nyembamba kuliko ukucha. Fundi wetu, kijana wa miaka kama 30, alisema kwa unyofu kwamba hajapata kukigusa kisanduku kama kile. Mzee mmoja aliyekijua alikuwa mjini, naye amekufa miaka mingi iliyopita. Tulipojumlisha nauli, kukereza, na brashi, tulipata shilingi 170,000. Oltaneta iliyokwisha kutumika lakini nzima, pamoja na waya, kishikizo cha kuifungia, na ufundi, ilikuwa 320,000. Tofauti ni mabati matano au sita ya jiko.

Lakini kulikuwa na kikwazo kingine ambacho vijana hawakukijua. Motokaa nyingi za Kiingereza za miaka ile, na yetu mojawapo, zilifungwa chanya kwenye athi. Yaani ule mwisho wa betri wenye alama ya kujumlisha ndio uliofungwa kwenye chasisi. Leo dunia nzima hufunga hasi. Ndiyo maana kipaza sauti kile hakikuwahi kufungwa kwenye umeme wa motokaa bila kuchukua betri yake pembeni, mpaka mwaka jana mtu mmoja alipotafuta njia ya mkato. Ndiyo maana pia kila tundu la kuchajia simu lililowekwa humo liliunguza chaja. Na ukiifunga oltaneta ya leo kwenye betri iliyogeuka hivyo, dayodi zake huungua papo hapo, hata kabla hujawasha injini.

Kuigeuza si kazi kubwa kama watu wanavyoogopa. Taa hazijali umeme unakuja kutoka upande gani. Stata haijali, kwa kuwa sumaku yake yenyewe ni ya nyaya, vyote viwili hugeuka pamoja, nayo huendelea kuzunguka upande ule ule. Nyaya mbili ndogo za koili lazima zibadilishane nafasi, maana cheche hupungua nguvu zikiachwa. Nyaya za amita vivyo hivyo, la sivyo itaonyesha kinyume. Hatuna redio wala kipasha joto, kwa hiyo orodha yetu iliishia hapo.

Mkutano wa mwisho ulikuwa Jumapili baada ya Misa ya pili. Mzee dereva alisimama, akavua kofia, akasema neno ambalo hakuna kijana aliyeweza kulijibu mara moja. Alisema, "Motokaa hii nimeiwasha betri ikiwa imekufa. Nimeisukuma mlima wa kigango nikairuka ndani, ikawaka. Hiyo oltaneta yenu, betri ikifa, mtaiwasha kwa sala?"

Na alikuwa na haki. Chuma cha dinamo hubaki na sumaku kidogo ndani yake hata kama haina kazi, basi motokaa ikitelemka mlima mrefu, dinamo yaweza kuamka yenyewe na kutoa umeme wa cheche. Oltaneta huomba kwanza umeme kidogo kwenye betri ndipo iamke. Betri ikiwa tupu kabisa, utaisukuma mpaka ukome. Nilisimama nikaeleza hivyo, kwamba Mzee asema kweli, na kwamba jibu lake ni moja tu: oltaneta haiiachi betri ifike hapo kwa urahisi, ila ikifika, imefika. Sikuona haki kuwaficha wajumbe jambo hilo ili upande wangu ushinde.

Baba Paroko alisema kidogo juu ya wale wanawali watano na taa zao, watu wakacheka. Kisha mwenyekiti wa WAWATA akaomba nafasi. Yeye ndiye mwenye fedha, na mama wa mwezi wa tatu ni binti wa dada yake. Hakulitaja hilo. Aliuliza, "Mzee, wewe ukiwa juu ya ule mteremko usiku, na mgonjwa nyuma, wataka nini? Motokaa inayowaka ikisukumwa, au taa zisizozimika?" Mzee alikaa kimya muda. Kisha akasema taa. Akaongeza kwamba ile dinamo isitupwe, wala isiuzwe kwa bwana wa mjini, wala chasisi isitobolewe tundu hata moja. Tukaandika hivyo katika muhtasari, na ndivyo ilivyofanyika. Jiko la kigango litangoja mavuno ya kahawa.

Juu ya ukubwa wa oltaneta tuliwakatalia vijana. Waya mkuu wa motokaa hii ulipimwa kwa ampea 22. Ukiulazimisha upitishe 70, waya utapata moto, na Land Rover nyingi za zamani zilizoungua ziliungua kwa sababu ya waya. Amita yetu mwisho wake ni 30. Tulichukua ndogo ya ampea 40, tukapitisha waya mpya mnene toka oltaneta mpaka betri na fyuzi yake njiani, bila kupitia amita. Basi amita haionyeshi tena kuchaji, na hilo lilimwuma Mzee kuliko yote, kwa kuwa kwa miaka yote alikitazama kishale kile kama mtu atazamavyo uso wa mkewe. Tukamwekea mita ndogo ya volti kando yake. Ikisoma 14 na injini inakwenda, yote ni mema. Huitazama, lakini bado huitazama na ile ya zamani.

Kazi ilichukua siku mbili. Siku nzima ya kwanza ilikwisha katika kuipanga puli iwe mstari mmoja na nyingine, kwani mkanda ukienda upande utakatika, na mkanda huo ukikatika hata maji hayazunguki tena katika injini. Fundi mvivu angesema inatosha tangu saa sita mchana. Kisanduku cha kataut tulikiacha mahali pake, kitupu. Baada ya betri kugeuzwa, Mzee alichukua rangi nyekundu akaandika mwenyewe juu ya kifuniko cha betri, kwa herufi kubwa: HASI KWENYE CHASISI. Nami nimebandika karatasi ofisini yenye mambo mawili kwa kila atakayeshika ufunguo. Asiiondoe kamwe betri injini ikiwa inakwenda, ati kumwazima mwenzake, kwani dayodi zitaungua. Na akitaka kuchomelea chuma chochote cha motokaa hii, afungue kwanza nyaya za betri.

Tangu hapo imekwenda usiku mara sita, mara mbili penye mvua. Katika kitabu cha safari hakuna la ajabu nililoandika. Dinamo imepakwa grisi, imefungwa katika gunia, iko chini ya meza yangu ofisini.

Limebaki dogo moja, nalo laweza kukusaidia wewe utakayefanya kama sisi. Ile taa nyekundu ya kuchaji iliyo kwenye dashibodi si pambo. Umeme mdogo unaoiamsha oltaneta hupita kwenye balbu hiyo. Balbu ikiungua, huenda oltaneta isiamke, na hutajua, kwa sababu taa ya kukuonya ndiyo iliyokufa. Balbu yenyewe ni ndogo, ya wati 2.2. Tumenunua mbili za akiba, nazo zimo katika kopo la vibiriti chini ya kiti cha dereva.